Harufu imegoma kutoka ndani ya apatimenti? Tafuta kwanza inapokaa

Kazi yangu ni kusafisha apatimenti, hasa zile ambazo mtu kahama na harufu imebaki, na karibu kila anayenipigia simu unakuta ashamaliza makopo ya eafreshna kabla ya kunitafuta. Wote nawaambia kitu kilekile: harufu ina mahali inapokaa. Ni vichembe vinaruka kutoka sehemu fulani mpaka puani kwako, na hiyo sehemu ipo, iwe kapeti, godoro, nyuma ya friji au kwenye plasta yenyewe. Ukipuliza manukato bila kuiondoa hiyo sehemu unakuwa na harufu mbili kwenye chumba kimoja.

Sasa kuitafuta. Pua inazoea haraka sana, ndo maana mgeni akiingia anakunja uso wewe unashangaa ana nini. Funga madirisha, toka nje ukae kwenye hewa safi kama nusu saa hivi, afu rudi ndani, na zile pumzi za kwanza kwanza ndo za kuziamini. Nusa chini sakafuni, kwenye kona, ndani ya makabati, bonyeza mito ya sofa huku pua iko karibu maana sponji ikibanwa inatema hewa iliyojificha ndani. Kama unaweza kuchagua siku, chagua ya joto au yenye unyevunyevu, siku hizo harufu inajitokeza yenyewe.

Ikiwa ni harufu ya maji taka na choo chako ni kisafi, usihangaike na choo. Angalia matundu ya sakafuni na masinki yasiyotumika. Chini ya kila tundu bomba limepinda, na pale kwenye mpindo maji yanatakiwa yakae muda wote ili hewa ya maji taka isipande, sasa tundu likikaa wiki kadhaa bila kumwagiwa maji yanakauka na njia inakuwa wazi. Mwaga jagi moja la maji. Kama ni bafu la wageni ambalo halitumiki, ongezea vijiko viwili vya mafuta ya kula, yataelea juu na kuchelewesha maji kukauka. Watu wanafikia kung'oa choo kizima kwa tatizo la jagi moja!

Friji nyingi zina trei ya maji huko nyuma chini ambayo hakuna anayeikumbuka, isafishe. Mashine ya kufulia, kunjua ule mpira wa mlangoni ufute ndani, na mlango uuache wazi ukimaliza kufua.

Sigara ndo kazi kubwa. Moshi ukishapotea, lami ya tumbaku na nikotini vinabaki vimeganda ukutani, kwenye vioo, kwenye feni, na zaidi darini kwa sababu moshi unapanda juu, na dari ndo watu wanaisahau. Chukua kitambaa cheupe chenye maji ya moto na sabuni upitishe ukutani, kitatoka na rangi ya chai. Osha ukuta wote kuanzia chini kwenda juu, ukianza juu maji machafu yanachuruzika na kuacha michirizi, suuza, badilisha maji mara kwa mara. Mapazia yafuliwe yote. Ukuta ukikauka na bado unanuka hapo sasa ni kupaka rangi, ila usipake rangi ya maji moja kwa moja maana doa na harufu vitapenya tena, tanguliza praima ya kuziba, yaani rangi ya kwanza ya kufungia doa na harufu, ile ya shelaki (utomvu wa wadudu) inafanya kazi vizuri sana.

Mkojo wa paka una asidi ya yuriki ambayo inaganda kama chembechembe na maji peke yake hayaiyeyushi vizuri, kwa hiyo unaosha, inatulia, unyevu ukirudi harufu nayo inarudi. Hapo tafuta dawa yenye vimeng'enya (enzaimu) vya kuivunjavunja hiyo asidi, imwage ya kutosha ifike mpaka sponji ya chini ya kapeti kama mkojo ulivyofika, iache ilowe muda mrefu kama kopo linavyosema. Usiku ukizima taa, tochi ya ultravioleti itakuonyesha madoa ambayo macho hayaoni. Na naomba sana hili: usimwage jiki kwenye mkojo, wala usichanganye jiki na siki au dawa yenye amonia, inatoka gesi ya sumu kabisa, na bafu dogo lisilo na dirisha ni hatari.

Harufu ya ukungu maana yake kuna maji mahali. Tafuta yanakotoka, rekebisha, kausha, weka unyevu wa ndani chini ya asilimia 60. Kupaka rangi juu ya ukungu ni kupoteza rangi.

Chanzo kikishaondoka ndo unafungua madirisha ya pande mbili hewa ipite, unanyunyiza beking soda kwenye kapeti ilale usiku kucha afu unaivuta na vakyumu. Mashine za kusafisha hewa zenye filta ya vumbi tu hazikamati harufu, lazima ndani iwe na mkaa maalumu wa kuchujia. Mashine za ozoni, zile zinazotoa gesi kali ya kuua harufu, mimi naziweka mwisho kabisa, na zikiwaka asiwepo mtu, mnyama wala mmea ndani, na nyumba ipigwe hewa vizuri kabla mtu hajarudi.

Kama umefanya yote na harufu inakuja saa zilezile kila siku, basi huenda inatoka kwa jirani. Angalia pale mabomba yanapopita ukutani chini ya sinki, mara nyingi fundi kaacha uwazi, zibe kwa silikoni. Feni ya bafuni ikiwa ndo inarudisha hewa ya watu wengine, mwambie mwenye jengo aweke kifuniko cha kuzuia hewa isirudi kwenye hilo bomba.