Ukinzani wa shingo safi si kosa la vipimo

Nimeulizwa tena, safari hii na mtu mwenye shahada ya fizikia: "Kama elektroni hazigongi kitu pale kwenye shingo, si ukinzani uwe sifuri?" Hauwi sifuri. Shingo ninayoisema ni kipito chembamba mno ndani ya semikondakta, chenye upana unaokaribia wimbi la elektroni; safi maana yake haina uchafu wa kugongwa. Shingo safi yenye njia moja ya wimbi, spini zote mbili (mielekeo miwili ya usumaku wa elektroni) zikipita, hutoa takriban kiloomu 12.9. Njia mbili, nusu yake; tatu, theluthi. Kwa hiyo upitishaji, yaani kinyume cha ukinzani, hupanda kwa ngazi sawa kila njia inapoongezeka. Ngazi hizo zilipimwa mwaka 1988 na timu mbili, moja Uholanzi na nyingine Uingereza, na thamani yake haitegemei urefu wa shingo. Ingekuwa ni migongano, ingetegemea.

Chanzo chake ni hiki: pande zote mbili za shingo kuna njia tele, katikati chache. Elektroni zilizokosa njia zinarudishwa, na volteji inashuka pale pa kuingilia na kutokea. Mwaka 2001 waya safi ulipimwa volteji katikati yake ikakutwa karibu sifuri, ilhali mwisho kwa mwisho ukinzani ulikuwepo wote.

"Basi joto linatoka wapi?" Hapa ndipo ninapochoka. Linatoka nje ya shingo! Elektroni iliyovuka inafika ng'ambo na nishati ya ziada, inaimwaga huko mbele taratibu, kwa elektroni nyingine na kwa mitikisiko ya fuwele. Nyuma imeacha nafasi tupu chini ya usawa wa Fermi (kimo cha nishati ambacho elektroni hujaza nafasi hadi kukifikia). Elektroni za juu yake zinashuka kuijaza, joto tena. Ukinzani una mahali pake, joto lina pake. Mbona ni vigumu kukubali?

Uchafu nao hauongezi tu omu kadhaa kwenye mfululizo. Chembe moja yenye chaji karibu na shingo inarudisha mawimbi, yanaingiliana, na ngazi zinapinda au zinapotea. Pasha sampuli joto hadi la chumbani, ipooze upya: chaji zimehama, mchoro ni mwingine.

Na tuseme ukweli: zile ngazi nadhifu kwenye makala zetu mara nyingi zimeondolewa ukinzani wa mfululizo (ule wa nje ya shingo), na kiasi cha kuondoa huchaguliwa mpaka ngazi zikae kwenye namba kamili. Kuna sababu ya kufanya hivyo, lakini mzunguko ule wa hoja unaninyima raha.

Halafu kuna kile kibega, mkunjo mdogo kwenye mchoro wa upitishaji, karibu na 0.7 ya kimo cha ngazi ya kwanza. Spini inahusika, maana uga sumaku mkali unakishusha kuelekea 0.5. Zaidi ya hapo kila kundi lina nadharia yake, na mimi huwa nakubaliana na niliyemsikiliza mwisho.