Maana ya kupakia data kutoka faili bapa hadi hifadhidata ya kimahusiano

Faili bapa ni faili la maandishi matupu ambamo kila mstari hubeba rekodi moja, na vipengele vya rekodi hiyo hutenganishwa kwa koma, nukta mkato au tabo. Mfano unaofahamika zaidi ni faili la CSV. Hifadhidata ya kimahusiano, ambayo nadharia yake iliwekwa na Edgar F. Codd wa IBM mwaka 1970, hutunza data katika majedwali ambayo kila safuwima yake imepangiwa aina: namba, tarehe, maandishi na kadhalika. Kupakia data ni kuyasoma maandishi ya faili na kuyaingiza katika majedwali hayo kwa kufuata aina na masharti yaliyowekwa.

Wengi huichukulia kazi hii kuwa ni kunakili tu, na hapo ndipo data nyingi huharibika. Faili bapa halijui tarehe wala namba. Linajua herufi peke yake, kwa hiyo maana ya kila kipengele huamuliwa wakati wa kupakia. Tuutazame mstari mmoja wa orodha ya wanafunzi:

0012,"Juma, Asha",03/04/2011,

Namba ya usajili 0012 ikiingizwa katika safuwima ya namba hubaki 12, na sufuri zilizopotea hazirudi. Ndiyo maana namba za usajili na za simu, ambazo hakuna anayezijumlisha, zinastahili safuwima ya maandishi. Alama za kunukuu huilinda koma iliyo ndani ya jina isihesabiwe kuwa kitenganishi. Tarehe ndiyo yenye hatari kubwa zaidi: kwetu ni tarehe 3 Aprili, lakini PostgreSQL, programu ya kuendesha hifadhidata, ikiwekewa mpangilio wa Kimarekani wa mwezi kwanza huisoma kuwa tarehe 4 Machi bila kulalamika, na kosa hujitokeza tu inapofika siku inayozidi 12. Koma ya mwisho inaonyesha kipengele kisichojazwa, ambacho COPY, amri ya PostgreSQL ya kupakia faili, katika muundo wa CSV hukihesabu kuwa NULL, yaani thamani isiyojulikana, ilhali alama mbili za kunukuu zisizo na kitu kati yake huhesabiwa kuwa maandishi yenye urefu wa sufuri.

Amri za kupakia kwa wingi, kama COPY ya PostgreSQL na LOAD DATA ya MySQL, programu nyingine ya hifadhidata, ni za haraka kuliko INSERT, amri ya kuingiza rekodi, ikitumiwa kwa mstari mmoja mmoja. Hata hivyo, kwa maoni yangu, data isiingizwe moja kwa moja katika jedwali la kazi. Ipokelewe kwanza katika jedwali la muda ambalo safuwima zake zote ni za maandishi, ikaguliwe humo kama ina rekodi zilizojirudia au msimbo wa shule usiokuwamo katika jedwali la shule, kisha ihamishwe ndani ya muamala mmoja, yaani kundi la hatua zinazokubaliwa zote au kufutwa zote, ili kosa likitokea hifadhidata irudi ilivyokuwa.

Tahadhari hii ina uzito zaidi kwa watumiaji wa MySQL, kwa sababu LOAD DATA LOCAL, yaani LOAD DATA inayosoma faili lililo kwenye kompyuta ya mtumiaji, hugeuza makosa mengi ya data kuwa maonyo na kuendelea na kazi. Maonyo hayo yasomwe kwa amri ya SHOW WARNINGS papo hapo, kwani amri nyingine inayogusa jedwali huyafuta.