Je, wajua kwa nini baiskeli huvuka mabonde ya volkano ya Garrotxa bila kumtoa mtu jasho?

Ukiitazama Garrotxa kwenye ramani, utadhani si mahali pa kuendesha baiskeli kwa raha. Ni wilaya ya Katalonia, kaskazini-mashariki mwa Uhispania, karibu na milima ya Pirenei, na eneo lake la volkano lina volkano zipatazo 40. Mabonde yake yamebanana na misitu imefunga. Hata hivyo watu wa kila umri, watoto na wazee wakiwemo, hutoka mji wa Olot kwa baiskeli na kufika Girona, mwendo wa kilomita zipatazo 55, pasipo kupanda mlima wa kukata pumzi na kwa sehemu kubwa ya njia pasipo kukutana na gari. Inawezekanaje?

Urahisi huo umetokana na lava iliyosawazisha bonde na treni ya mvuke isiyoweza mlima.

Tuanze na treni. Mwaka 1911 reli kutoka Girona ilifika Olot, baada ya ujenzi uliochukua miaka mingi. Wenyeji waliiita Carrilet. Ilikuwa reli nyembamba kweli: kati ya chuma na chuma palikuwa na milimita 750 tu, chini ya nusu ya reli kubwa za Uhispania, ambazo zina milimita 1,668. Reli nyembamba ilikuwa nafuu kujenga, na zaidi ya hapo iliweza kupinda kwa ukali. Badala ya kutoboa kila mlima, ilizunguka ubavuni, ikafuata mito ya Brugent na Ter, ikapita karibu na vijiji kimoja baada ya kingine.

Lakini kupanda haikuweza. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huteleza kirahisi. Hiyo ndiyo faida ya treni, maana injini moja huvuta mzigo mkubwa, na hiyo hiyo ndiyo shida yake, maana mwinamo ukizidi kidogo tu magurudumu huzunguka pale pale na treni haisogei. Kwa hiyo wahandisi walikata vilima, wakajaza makorongo, wakajenga madaraja, yote ili kuuvunja mwinamo vipande vidogo vidogo. Piga hesabu uone. Sehemu ya juu kabisa ya njia, Coll d'en Bas, iko kama mita 600 juu ya usawa wa bahari. Girona iko kama mita 70. Tofauti hiyo imetandazwa katika zaidi ya kilomita 40, yaani kama mita 12 au 13 kwa kila kilomita moja. Anayepanda kutokea Girona hahisi mlima. Anachokiona ni kwamba kasi imepungua na gia imeshuka moja.

Mwaka 1969 Carrilet ilifungwa, kwa kuwa abiria na mizigo vilikuwa vimehamia barabarani. Reli zikang'olewa. Kilichobaki ni ukanda mrefu wa ardhi usio na nyumba, wenye madaraja yake, kingo zake na majengo ya vituo. Magari yalikuwa na barabara yao kando, na ukanda huu haukuwahi kuwa wao. Hapo ndipo baiskeli ilipopata nafasi. Uhispania ilianzisha mpango wa kitaifa wa kugeuza reli zilizokufa kuwa njia za waenda kwa miguu na baiskeli mwaka 1993, unaoitwa Vías Verdes, na leo njia hizo nchini kote zinazidi kilomita 3,000. Hii ya Olot hadi Girona, kwa maoni yangu, ni kati ya zile ambazo historia ya ardhi na historia ya watu huonekana kwa pamoja bila kuhitaji mtu wa kukueleza.

Ila niseme wazi: njia isiyo na magari haina maana kwamba hutaliona gari kabisa. Kuna mahali inakatiza barabara, na karibu na vijiji unaweza kukutana na trekta la mkulima anayekwenda shambani. Punguza mwendo, mpishe, msalimie. Wewe ndiye mgeni.

Sasa lava. Volkano za Garrotxa zimetokana na kuvutwa kwa gamba la dunia katika eneo hili. Gamba likivutwa hupasuka, na magma, yaani mwamba ulioyeyuka, hupanda kupitia nyufa hizo. Milipuko ilitokea kwa nyakati tofauti katika kipindi cha miaka laki kadhaa, na Croscat, mojawapo ya volkano changa zaidi, ililipuka kati ya miaka 11,000 na 14,000 iliyopita. Si zamani sana kwa hesabu ya miamba.

Lava nyepesi ikitoka hufuata bonde, na ikikutana na mto huuziba. Hivyo ndivyo ilivyotokea kusini-magharibi mwa Olot. Lava iliuzuia Mto Fluvià, maji yakatuama yakawa ziwa, na kila mvua ikaleta tope. Karne kwa karne tope likajaa chini, ziwa likatoweka, likaacha uwanda uitwao Vall d'en Bas, wenye udongo mzito wenye rutuba na mashamba ya mahindi. Milima imeuzunguka pande zote, lakini katikati ni tambarare. Kilomita za kwanza kutoka Olot unapita juu ya sakafu ya ziwa hilo la kale, na ndiyo maana baiskeli huteleza tu.

Usiukimbie mji mdogo wa Les Preses ulio mwanzoni mwa uwanda huo. Pembeni yake kuna eneo lililofunikwa na lava ya Croscat, liitwalo Bosc de Tosca. Chukua jiwe moja mkononi. Ni jeusi, lina matundu matundu, na kingo zake hukwaruza kiganja. Matundu hayo ni nafasi za mapovu ya gesi yaliyonaswa lava ilipokuwa ikipoa. Katika karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20, wakulima maskini waliyaondoa mawe hayo moja moja ili kupata kipande cha udongo wa kulima chini yake. Hawakuwa na pa kuyapeleka, kwa hiyo waliyapanga kuwa kuta na vibanda bila saruji wala udongo. Ukisimama kati ya kuta hizo unaona kazi ya familia nzima, tena kwa kiwanja ambacho ungekivuka kwa hatua chache. Lango la kuingilia limetengenezwa kwa mabamba ya chuma yaliyoachwa yapate kutu, kazi ya RCR, wasanifu majengo watatu wa Olot waliopewa Tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa ya usanifu majengo duniani, mwaka 2017. Naona walifanya vyema: hawakushindana na mawe.

Vijiji vinavyofuata vina ukale wa namna tofauti. Els Hostalets d'en Bas, kando kidogo ya njia, ina mtaa mmoja mashuhuri wenye roshani za mbao zilizopangana pande zote mbili. Sant Feliu de Pallerols umelala bondeni karibu na mto, na una volkano yake pembeni. Amer una uwanja mkubwa uliozungukwa na matao, na monasteri ya Wabenedikto. Karibu na Amer kuna pia chemchemi ya maji yenye gesi kiasili, Font Picant. Ardhi hapo ina ufa mkubwa, na gesi ya kaboni dayoksaidi hupanda kutoka chini na kuchanganyika na maji.

Ufa si wa kuleta maji ya gesi peke yake. Mwaka 1427 na 1428 mfululizo wa matetemeko uliitikisa nchi hii, Amer ikaumia na Olot ikaporomoka. Ndiyo maana Olot, ingawa ni mji wa kale, mitaa yake ya katikati imenyooka kuliko unavyotarajia: ilijengwa upya. Ukitaka kuona mji wa zamani uliokaa juu ya lava yenyewe, nenda Castellfollit de la Roca, kaskazini-mashariki mwa Olot, nje ya njia hii. Nyumba zake zimejipanga ukingoni mwa jabali la basalti lenye kimo cha mita zaidi ya 50. Ni mitiririko miwili ya lava, mmoja juu ya mwingine, wa miaka kama 217,000 na 192,000 iliyopita, iliyochongwa na mito miwili kutoka pande mbili.

Kuhusu baiskeli yenyewe, njia ni udongo na changarawe laini iliyoshindiliwa, kwa hiyo baiskeli ya changarawe inafaa sana, ile yenye usukani wa kupinda na tairi za milimita 35 hadi 50. Wengi hudhani tairi nyembamba iliyojazwa upepo hadi kuwa ngumu ndiyo yenye kasi. Kwenye lami ya kioo, labda. Kwenye changarawe tairi ngumu hurushwa na kila kijiwe, na kila mrusho hula nguvu uliyoitia kwenye pedali, halafu hukurudia mikononi na mgongoni kama uchovu. Tairi pana lenye upepo wa kiasi hukimeza kijiwe na kuendelea. Ukianzia Olot, utapanda kidogo hadi Coll d'en Bas, kisha sehemu yote iliyobaki ni mteremko wa taratibu. Ukiwa na mtoto au mtu asiyezoea, anzia Olot.

Girona nayo si lazima iwe mwisho. Kutoka hapo reli nyingine nyembamba, iliyofunguliwa mwaka 1892 na kufungwa mwaka ule ule wa 1969, imegeuzwa vilevile kuwa njia ya baiskeli hadi Sant Feliu de Guíxols, bandari ya Mediterania, kilomita zipatazo 40 mbele. Zote mbili zikiunganishwa ni kama kilomita 95 kutoka kwenye volkano hadi baharini. Nakushauri uzigawe kwa siku mbili, ulale Girona.