Maana ya "kiraka" na "nyongeza" katika michezo ya konsoli

Katika Kiswahili cha kila siku, kiraka ni kipande cha kitambaa kinachoshonwa juu ya mahali palipochanika, na hakuna mtu wa Tanga anayekwenda kwa fundi cherehani kuchukua shati jipya akategemea kulikuta na kiraka kwapani. Katika michezo ya konsoli, yaani mashine za kuchezea michezo ya video kwenye televisheni, neno hilo limebaki na maana yake ileile: ni kipande cha programu ambacho mtengenezaji hukituma kwa njia ya intaneti ili kuziba palipoharibika. Kilichobadilika ni wakati wa kushona. Siku hizi shati hutoka dukani likiwa limechanika, na kiraka humsubiri mnunuzi nyumbani, naye hukilipia kwa bando lake mwenyewe.

Nililiona jambo hili kwa karibu katika banda moja la gemu huko Ngamiani, Tanga. Mwenye banda, ambaye vijana wote wa mtaa humwita Mjomba, alikuwa amenunua diski ya mchezo wa mpira wa msimu mpya, ikiwa bado imo ndani ya nailoni yake. Watoto wanne walikwisha kutoa shilingi 500 kila mmoja na kugawana timu. Diski iliingia, na badala ya uwanja yakatokea maandishi ya kudai sasisho, na chini yake mstari mwembamba uliokuwa ukisogea mwendo wa kobe. Mjomba akawasha intaneti ya simu yake, akaiweka simu dirishani ambako mtandao hushika vizuri, nasi tukasubiri.

"Mjomba, kwani haikuja nzima?" aliuliza mdogo wao.

"Imekuja, mwanangu, lakini nyingine ipo hewani."

Bando liliisha kabla mstari haujafika nusu. Mjomba akajaribu kuucheza mchezo bila sasisho. Ulifunguka, lakini uliganda kila mara kipindi cha pili kilipotaka kuanza, na hatimaye akawarudishia watoto pesa zao.

Jibu la Mjomba linaeleza hali halisi kuliko maelezo mengi ya kitaalamu. Wakati wa PlayStation 2, mashine iliyotoka mwaka 2000, mchezo uliokuwa ndani ya diski ndio huo huo, wala hapakuwa na mwingine hewani. Hitilafu iliyopita bila kuonekana ilibaki humo daima, na kwa sababu hiyo kampuni ziliogopa kuchapa mamilioni ya diski zenye kasoro. Xbox ya mwaka 2001 ilikuja na diski kuu ya kuhifadhia ndani yake, na baadaye Xbox 360 ya mwaka 2005 na PlayStation 3 ya mwaka 2006 zikaifanya intaneti kuwa sehemu ya kawaida ya konsoli. Tangu hapo kosa la mtengenezaji likawa na dawa, na dawa hiyo ikaleta ugonjwa wake.

Kwa haki kabisa, kiraka cha siku ya kwanza, yaani kile kinachotolewa siku ileile mchezo unapotoka, kina sababu ya kuwapo. Mchezo ukishakamilika kiasi cha kupelekwa kiwandani, na ukishakaguliwa na mtengenezaji wa konsoli, yaani Sony, Microsoft au Nintendo, hupita majuma kadhaa ya kuchapa diski, kuzitia kwenye makasha na kuzisafirisha. Waandishi wa programu hawakai bure katika majuma hayo. Huendelea kutafuta hitilafu na kuzirekebisha, na marekebisho hayo hayawezi tena kuingia katika diski iliyo melini. Kiraka cha namna hiyo ni kazi ya uangalifu. Lugha yetu ingefanya vema kukitenga na neno "sasisho", ambalo humpa msikilizaji picha ya kitu kizima kinachoongezwa ubora, ilhali mara nyingi kinachoshuka ni urekebishaji wa kitu kilichouzwa kibovu. Mimi hutumia "kiraka" panapozibwa tundu, na "sasisho" nalibakiza kwa kile kilichokuwa kizima kikaboreshwa.

Tatizo huanza pale tarehe ya kutoa mchezo inapopangwa kwa kuangalia msimu wa mauzo na matarajio ya wenye hisa, kisha mapengo ya kazi yakaachwa makusudi yazibwe baadaye. Mfano unaokumbukwa zaidi ni Cyberpunk 2077 wa kampuni ya CD Projekt Red ya Poland. Uliahirishwa mara tatu katika mwaka 2020, ukatoka tarehe 10 Desemba, na waliokuwa na PlayStation 4 na Xbox One za kawaida wakakuta magari yanatokea ghafla barabarani, sura za watu zisizo na umbo kamili, na mashine inayojizima katikati ya mchezo. Kabla ya kutoka, waandishi wengi wa tathmini za michezo walikuwa wamepewa toleo la kompyuta, ambalo lilikuwa na nafuu kubwa, kwa hiyo mnunuzi wa konsoli aliuziwa mbuzi kwenye gunia. Sony iliuondoa mchezo huo katika duka lake la mtandaoni kabla ya siku kumi kupita, ikawarudishia watu fedha zao, na haukurudi humo hadi Juni 2021. Mchezo huo leo ni mzuri, nami nasema hivyo bila kusita. Lakini aliyeununua Desemba ile alilipa bei ya kitu kizima ili asubiri kiive.

Neno la pili ni nyongeza, au kwa urefu maudhui ya kupakua: ramani, silaha, wahusika au sura mpya za hadithi zinazoletwa kwa intaneti baada ya mchezo kutoka. Ukinunua fungu la machungwa ya Muheza sokoni, muuzaji akakuwekea moja juu ya fungu, hiyo ndiyo nyongeza tunayoijua, na inapatikana bure baada ya fungu kutimia. Nyongeza ya michezo huuzwa. Mwaka 2006 kampuni ya Bethesda iliwauzia wachezaji wa Oblivion vazi la vita la farasi kwa dola 2.50, na watu walilalamika sana, ingawa vazi lenyewe lilifanya kazi. Ninaielewa hasira yao, kwa maana tangu siku hiyo mchezaji amekuwa akijiuliza kila anapouona mlango uliofungwa ndani ya mchezo: je, huu haujajengwa bado, au umejengwa ukafungiwa niununue?

Ipo nyongeza inayostahili bei yake, yenye saa nyingi za hadithi mpya, na huyo muuzaji hana deni kwa mtu. Dhana inayopaswa kuangaliwa kwa makini ni tiketi ya msimu, ambayo mchezaji huilipia leo kwa nyongeza zitakazotengenezwa kesho. Assassin's Creed Unity ulipotoka Novemba 2014 ukiwa umejaa hitilafu, kampuni ya Ubisoft iliacha kuuza tiketi yake ya msimu kabla mwezi haujaisha na ikawapa wachezaji wote nyongeza ya kwanza ya hadithi bila malipo, huku waliokwisha kununua tiketi wakiruhusiwa kujichagulia mchezo mwingine bila malipo. Redfall ulikwenda vibaya zaidi: ulitoka Mei 2023 ukiwa mbichi, wahusika wa ziada waliolipiwa mapema na baadhi ya wanunuzi hawakutoka kamwe, na mwaka uliofuata studio iliyoutengeneza ikafungwa.

Sasa tufike mahali ambapo kiraka na nyongeza hukutana, kwa kuwa hapo ndipo mwenye konsoli huumia kuliko mwenye kompyuta. Skyrim wa Bethesda ulitoka tarehe 11 Novemba 2011 kwa kompyuta, Xbox 360 na PlayStation 3 kwa pamoja. Ni mchezo unaokumbuka kila kitu: kikombe ulichokisogeza mezani, maiti uliyoiacha pangoni, mlango ulioufungua kijijini, vyote huandikwa katika faili la kumbukumbu, na faili hilo hunenepa kadiri saa zinavyopita. Xbox 360 ilikuwa na MB 512 za kumbukumbu ya kazi (RAM) ambazo mchezo ungeweza kuzigawa upendavyo. PlayStation 3 nayo ilikuwa na kiasi kama hicho, ila kimekatwa mafungu mawili ya MB 256, moja la mchezo na moja la picha, na lililojaa halikuweza kuazima kirahisi kwa mwenzake. Matokeo yake mchezaji wa PlayStation 3 alianza vizuri, na baada ya saa nyingi za kucheza alikuta mchezo unaburura miguu hadi hauchezeki.

Juu ya udongo huo dhaifu ndipo ilipotakiwa kujengwa nyongeza. Dawnguard, nyongeza ya kwanza, ilifika kwenye Xbox 360 mwezi Juni 2012 na kwenye kompyuta Agosti. Wa PlayStation 3 waliambiwa kwamba kampuni haijaridhika na jinsi inavyofanya kazi kwenye mashine yao, wakaipata Februari 2013, miezi minane baada ya wenzao. Mwenye kompyuta angeweza hata kutumia viraka vilivyoshonwa na wachezaji wenyewe. Konsoli imefungwa, na mwenye nayo hana sindano wala uzi.

Mara nyingine nyongeza haiji kabisa. Phantom Liberty, nyongeza kubwa ya Cyberpunk 2077, ilitoka Septemba 2023 kwa PlayStation 5, Xbox Series na kompyuta peke yake. Walewale waliovumilia magari ya kutokea ghafla kwenye PlayStation 4 hawakupewa. Sababu ya kiufundi ipo, maana mashine ya mwaka 2013 ilikwisha kuzidiwa, lakini ndiyo mashine ambayo mchezo uliuzwa kwayo.

Kwetu kuna kikwazo kingine ambacho wenzetu wa Ulaya hawakutani nacho sana. Mtumiaji wa PlayStation wa hapa hufungua akaunti ya nchi nyingine, kwa kawaida Uingereza, Marekani au Afrika Kusini, ilhali diski yake inaweza kuwa imeletwa na ndugu kutoka Dubai au popote pale. Nyongeza hufuata kanda ya diski, yaani eneo la dunia ambalo diski ilitengenezwa iuzwe. Ukiinunua katika duka la Marekani hali diski ni ya kanda ya Ulaya, fedha hukatwa, nyongeza hushuka hadi mwisho, na mchezo hukaa kimya kama haujaona kitu. Wengi hudhani diski ni mbovu, wakairudisha kwa muuzaji na kugombana naye bure. Kanda ya diski huandikwa kwenye kasha na inafaa isomwe kabla ya kulipa. Alama za umri husaidia pia, kwa kuwa kasha lenye PEGI ni la kanda ya Ulaya na lenye ESRB ni la Marekani.

Mjomba sasa hulisoma kasha la diski pande zote mbili, akitafuta kanda na maneno madogo yanayosema kwamba mchezo unahitaji intaneti, kisha humuuliza muuzaji kiraka chake kina GB ngapi. Ile diski ya mpira ilimaliza kushonwa usiku wa tatu, kwa bando la usiku, simu ikiwa dirishani na chaja yake. Asubuhi watoto wanne walirudi na shilingi zao 500, wakazikuta timu zao pale pale walipoziacha.