Fokasi na udondoshaji wa nomino katika Kiingereza: dhana potofu na ukweli

Dhana potofu moja ni kwamba nomino ya Kiingereza ikishatajwa mara moja inaweza kudondoshwa popote, mradi neno linalobaki litamkwe kwa mkazo. Ukweli ni kwamba mkazo peke yake hautoshi. Sentensi "Anna's car is old, but Juma's is new" ni sahihi, kwa kuwa kimilikishi kinaruhusu "car" iachwe. Lakini "Anna bought a red car and Juma bought a blue" haikubaliki, hata kama rangi hizo mbili zinatofautishwa waziwazi na "blue" ikatamkwa kwa mkazo mkali kupita kiasi. Hapo Kiingereza kinadai "a blue one".

Wazungumzaji wa Kiswahili hukwama hapa, na si kwa uzembe. Sisi husema "Anna amenunua kikombe chekundu na Juma cheupe" bila tatizo, kwa kuwa kivumishi chenyewe kimebeba upatanisho wa ngeli, ilhali kivumishi cha Kiingereza hakibebi alama ya idadi wala ya jinsia. Mwanaisimu Anne Lobeck, mwaka 1995, alieleza udondoshaji kwa msingi wa upatanisho ulio dhahiri wa namna hiyo. Wanaisimu Norbert Corver na Marjo van Koppen, mwaka 2009, walipinga, wakadai kwamba kinachouruhusu ni fokasi, yaani taarifa mpya au ya kutofautisha inayosisitizwa, iliyomo ndani ya kirai nomino (nomino pamoja na maneno yanayoandamana nayo). Mjadala huo, kwa maoni yangu, unastahili kufundishwa pamoja na kanuni zenyewe.

Wengine huamini kwamba neno linalobaki lazima litofautiane na mwenzake wa awali. Sivyo. Katika "Anna read three books, and Juma read three too", idadi ni ileile. Wanaotofautishwa ni wasomaji. Sharti lisilolegea ni jingine: kinachodondoshwa hakiwezi kuwa ndicho kinachobeba fokasi. Ukisema "Anna bought two goats and Juma bought two", hakuna atakayeelewa kwamba Juma alinunua ng'ombe, hata kama ndilo ulilokusudia, kwa sababu taarifa mpya haiwezi kuachwa kimya.

Wala si kila kibainishi, yaani neno linalotangulia nomino na kuibainisha, huruhusu udondoshaji: "these", "some" na "each" huweza kusimama peke yake, "every" haiwezi, na "my" hulazimika kuwa "mine". Ama "the poor", ambayo mara nyingi huwekwa katika kundi hili, haihitaji nomino yoyote iliyotangulia kutajwa, na huhusu watu tu, daima katika wingi.