Napinga ukumbi wa mikutano wa serikali Mombasa, na hesabu yangu ni hii

Wazo la kujenga ukumbi mkubwa wa kimataifa wa mikutano hapa Mombasa kwa pesa za umma halifi. Serikali huja na kuondoka, wazo linabaki, na kila likirudi vijana huahidiwa kazi. Mimi kazi yangu ni kuchambua bajeti na miradi ya umma. Nalipinga, na nitaeleza kwa nini, maana hoja ya wanaolitetea inavutia mpaka uikague.

Wanasema hivi: kuanzia Aprili hadi Juni mvua za masika hupunguza watalii, hoteli nyingine hufunga, wahudumu wa vibarua wanarudishwa nyumbani. Mtu wa mkutano hafuati jua, basi tumjengee ukumbi aje ajaze vitanda Mei.

Lakini kumbi tunazo. Pita hoteli kubwa za Shanzu, Bamburi na Nyali mwezi huo huo wa Mei. Utaona kumbi za kukalisha mamia ya watu, viti vimepandanishwa ukutani na viyoyozi vimezimwa. Kilichokosekana hapo ni wageni. Na sehemu kubwa ya wageni wa warsha tunaowapata ni maafisa wa wizara, wa mashirika ya serikali, wa kaunti na wa kamati za bunge. Posho yao ni kodi yetu. Julai 2024, baada ya Mswada wa Fedha kuondolewa, Rais alitangaza kusitishwa kwa safari zisizo za lazima za maafisa wa serikali. Agizo la aina hiyo humuumiza meneja wa hoteli wa Pwani kabla ya mtu mwingine yeyote. Sasa tutumie kodi kujenga ukumbi, kisha kodi nyingine iwalete watu wa kuukalia?

Mkiletewa ripoti ya upembuzi yakinifu, yaani ya kukagua kama mradi utalipa, ndugu zangu, msikae kwenye picha za mbele. Nendeni moja kwa moja kwenye jedwali la siku za kulala hotelini. Idadi ya mikutano huzidishwa kwa wajumbe, kwa siku, kwa matumizi ya kila mmoja, na jibu huitwa faida ya uchumi. Ulizeni ni wangapi kati ya hao wangekuja Mombasa hata bila ukumbi mpya. Ulizeni kama harusi na mahafali ya wenyeji wanaolala kwao yamehesabiwa. Halafu tazameni ni mwaka wa ngapi ukumbi umedhaniwa kujaa. Profesa Heywood Sanders wa Chuo Kikuu cha Texas, San Antonio, amefuatilia makadirio ya namna hii Marekani kwa miaka mingi. Katika ripoti yake iliyochapishwa na taasisi ya Brookings mwaka 2005, alionyesha kwamba nafasi ya kumbi ilikuwa imeongezeka kwa zaidi ya asilimia 50 tangu 1990, ilhali soko la mikutano lilikuwa linashuka, na miji ikawa inapunguza bei ili kunyang'anyana wateja.

Kwetu mnyang'anyano huo umeshaanza. Nairobi ina ukumbi wa mikutano wa KICC tangu 1973 na ndiko kitovu cha ndege za Kenya Airways. Kigali ilifungua ukumbi wake 2016, ikiwa na shirika la ndege linaloshikiliwa na serikali. Arusha ina kituo cha mikutano cha AICC, na hiyo ifikirieni vizuri: kwa miaka mingi ilikuwa na mpangaji mkubwa, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya Rwanda. Mpangaji wa aina hiyo analipa hata siku isiyo na mkutano. Wetu utampata wapi?

Tupige hesabu ya mfano. Ukumbi wa shilingi bilioni 6, mkopo wa riba ya asilimia 13. Riba peke yake ni milioni 780 kwa mwaka, yaani zaidi ya milioni mbili kila siku, Idi na Krismasi zikiwemo. Kodisha ukumbi kwa nusu milioni kwa siku, siku 150, unapata milioni 75. Hapo hujalipa umeme wa viyoyozi wala mafundi, na hewa ya chumvi ya bahari inakula mitambo ya kupozea bila huruma.

Huku Kisauni na Likoni mama ananunua maji kwa mtungi kutoka mkokotenini, katika jiji ambalo bado linategemea mabomba ya mbali kutoka Mzima na Baricho. Mgeni wa mkutano naye anahitaji kuoga. Linaniuma kuona tunapanga zulia la ukumbi kabla ya bomba.

Kifungu cha 201 cha Katiba kinataka mzigo wa mikopo ugawanywe kwa haki kati yetu na vizazi vijavyo, na wananchi washirikishwe. Kaunti nayo haiwezi kukopa bila dhamana ya serikali kuu na idhini ya Bunge la Kaunti. Hiyo ni Kifungu cha 212. Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa bungeni kufikia Aprili 30. Mkiitwa kwenye kikao cha wadi, ombeni ripoti nzima kwa maandishi, mkitumia Sheria ya Kupata Habari ya 2016, na mumuulize mwakilishi wenu swali hili: ukumbi ukipata hasara, pesa za kuufidia zitakatwa kutoka idara gani?