Anwani milioni 13 hazitoshi kuwa jumuiya

Wengi huamini kwamba jumuiya ya mtandaoni ya kampeni hufa baada ya uchaguzi kwa sababu watu wamechoka, na kwamba mwenye orodha ya anwani zao anaweza kuwaamsha muda wowote. Kampeni ya Barack Obama ya 2008 inaonyesha vingine.

Ilimaliza uchaguzi na anwani za barua pepe zipatazo milioni 13. Ila nguvu yake ilikuwa kwenye tovuti ambako mfuasi yeyote aliweza kuanzisha kikundi cha mtaani kwake, kuitisha mkutano sebuleni na kuchangisha fedha bila kuomba ruhusa. Julai 2008 maelfu waliitumia tovuti hiyohiyo kumpinga Obama mwenyewe kuhusu sheria ya serikali kusikiliza mawasiliano ya watu. Kura yake ya useneta ya kuiunga mkono sheria hiyo hakuibadili, lakini aliwajibu kwa maandishi.

Januari 2009 mtandao huo ukawekwa chini ya chama cha Democratic, kwa jina Organizing for America. Kazi ikawa kupokea maelekezo: mpigie simu mbunge wako, saini hapa, changia. Na chama kingewaachiaje wawabane wabunge wake chenyewe? Kwa maoni yangu hilo liliua mengi kuliko uchovu.

Tofauti na hapo, Howard Dean, mwanasiasa wa Democratic aliyejitoa kwenye mchujo wa urais wa 2004, Machi mwaka huohuo aligeuza mtandao wake kuwa Democracy for America, ukawa unawasaidia wagombea wa ngazi za chini. Ulidumu hadi 2022, ingawa Dean mwenyewe hakuwahi hata kuteuliwa na chama kugombea urais.